Mejumaa na Wageni wa Sugrabai

Kazi aliyoandikwa Mejumaa binti Chonga ilikuwa kufua nguo. Alikuja Mombasa kutoka Tiwi akiwa mke wa kuli wa bandarini, na kuli huyo alipofariki, akabaki Majengo katika chumba cha kupanga, mwanamke wa makamo asiye na mtoto, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Jirani yake akamwambia kwamba kule Kibokoni, katika nyumba ya wajane ya Mabohora, wale Waislamu wa Kihindi, dobi ameacha kazi akaenda kuwafulia askari, maana askari walilipa vizuri zaidi. Hiyo ilikuwa miaka ya Vita vya Pili vya Dunia. Bandari ilijaa manowari, na malori hayakukatika kati ya Kilindini na Shimanzi. Mejumaa akaenda Kibokoni, akapewa sabuni na kuonyeshwa karo la kufulia uani.

Nyumba yenyewe ilikuwa wakfu. Tajiri mmoja wa zamani, Sheth Qasim, aliiacha kwa ajili ya wajane wa jamaa yake wasiokuwa na pa kwenda. Ilikuwa nyumba ya ghorofa, ngazi yake nyembamba, ua wake una kisima, na mlango wake mzito wa mbao ulifunguka moja kwa moja barabarani. Iliangaliwa na kamati, na katibu wa kamati alikuwa Haroon, muuza vyombo vya nyumbani, mtu mpole mwenye haraka nyingi. Mlangoni alikaa bawabu, Fondo, Mgiriama mwenye kikohozi na maneno.

Wajane wengi walikuwa na akili zao timamu. Walisali, walishona, waligombania mahali pa dirishani penye upepo. Lakini wachache walikuwa wamefika umri ambao mtu huanza kupotea akiwa ameketi palepale. Mejumaa hakuwa na jina la maradhi hayo. Alisema tu, "Yule amerudi nyuma." Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwashika waliorudi nyuma, mmoja wao akikataa kuoga au akijichafua, aliitwa dobi. Mikono ni ileile, walisema. Kidogo kidogo Mejumaa akawa anafua watu zaidi kuliko nguo.

Sugrabai ndiye aliyemchosha kuliko wote, naye ndiye aliyempenda.

Alikuwa mjane wa Sheth Zakir, aliyekuwa na duka la misumari, rangi na kamba karibu na Ndia Kuu. Hawakujaliwa watoto. Zakir alipokufa, duka lilimwangukia mpwa wake, na mke wa mpwa huyo, Firoza, akakaa na Sugrabai katika vyumba viwili pamoja na watoto wengi, mpaka bibi alipoanza kuwasha jiko na kulisahau. Ndipo wakamleta Kibokoni. Firoza alikuja kila Ijumaa na kitu kidogo kwenye kitambaa, halwa au ndizi, akakaa, akalia kidogo, akarudi kwake.

Asubuhi Sugrabai alikuwa mtulivu. Aliketi kitandani, kichwa amekifunika vizuri kwa mtandio, akaitika salamu za kila mtu kwa heshima hata kama hamjui. Ilikuwa ikisha kuadhiniwa alasiri ndipo mambo yalipoanza. Alisimama, akajitengeneza, akashuka ngazi, mkono ukutani.

"Nifungulie, wee mtu. Naenda zangu nyumbani. Wageni wamefika."

"Bai, nyumbani ni hapa," Fondo alimjibu.

"Hapa? Hapa kwa nani? Na wewe u nani?"

"Mimi Fondo, bai. Wa jana na wa juzi."

"Fondo ndiye nani? Mlangoni kwangu hukaa mtu mwenye meno."

Fondo, ambaye meno ya mbele yalikuwa yamemtoka zamani, aligeuka akapaza sauti uani. "Mejumaa wee! Ndoo hapa umtwae mwenzio! Leo ameanzia kwenye meno!"

Ilikuwa kichekesho siku za kwanza. Baadaye haikuwa. Sugrabai alipiga mlango kwa viganja mpaka vikawa vyekundu, alilia, alimwita mumewe, na kila jioni ilikuwa kama ndiyo jioni ya kwanza anafungiwa katika nyumba ya watu asiowajua. Mara mbili alifaulu kutoka. Mara ya kwanza alikutwa Mkanyageni, ameketi barazani kwa watu. Mara ya pili alikutwa barabara kubwa, na dereva wa lori aliyefunga breki kwa nguvu alishuka akitetemeka kuliko yeye.

Siku ile Haroon alikuja akasimama uani bila ya kuketi.

"Mejumaa, nisikize. Akitoka tena, kamati haina la kufanya. Kuna hospitali ya serikali kule bara, ya wenye maradhi ya akili. Atapandishwa gari la moshi, apelekwe."

"Huko wanawafanyaje, sheth?"

"Wanawaangalia," alisema Haroon, akatazama saa yake.

Mejumaa alikuwa amesikia habari za mahali hapo. Majengo watu walipataja kwa kushusha sauti. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa ni kukitunza kipande kile cha siku, kati ya alasiri na magharibi. Kikipita salama, Sugrabai yuko Kibokoni siku nyingine moja.

Alianza na mchele. Mchele wa wakati ule, ukipatikana, ulikuwa na mawe kama uliozolewa barabarani. Akampa Sugrabai ungo. Vidole vya bibi vikafanya kazi vyenyewe, upesi, vizuri kuliko vya mpishi. Kisha vikasimama.

"Mchele huu ni wa nani?"

"Wa nyumba, bai."

"Basi mwenye nyumba na auchague," alisema Sugrabai, akausukuma ungo, akashuka ngazi.

Akampa tasbihi. Ilipofika mwisho wa uzi, aliiweka chini, akasimama. Akampa shuka za kukunja. Hizo zilifaa siku kadhaa, kwani Sugrabai alizikunja kwa pembe zilizokutana sawasawa na kuzipanga kama za dukani. Mejumaa alipoona zinakwisha, alizichukua nyuma ya pazia, akazikunjua, akazirudisha. Siku moja Sugrabai aliishika moja akaitazama, akamtazama na yeye.

"Hii nimeshaikunja. Wanifanya mjinga?"

Asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa hakumbuki kama mumewe amekufa. Lakini shuka aliyoikunja kwa mkono wake aliijua. Miaka mingi baadaye Mejumaa aliniambia kwamba hakuna neno lililomwaibisha kama hilo maishani mwake, na kwamba hakuthubutu tena kumpa kazi ambayo si kazi.

Ijumaa iliyofuata alimngoja Firoza ngazini.

"Mama, nataka kukuuliza. Alipokuwa kwake, wakati huu wa jioni, alikuwa akifanya nini?"

Firoza alishangaa, maana hakuwa ameulizwa jambo hilo na mtu yeyote. "Alikuwa akipokea wageni. Sheth Zakir alikuwa hali chakula peke yake. Kila siku alirudi na watu, wa jamaa, wa safari, yeyote. Kwetu sisi watu hula pamoja kwenye sinia moja, wameizunguka, na hakuna mkono unaogusa chakula kabla ya chumvi. Kila mtu huonja chumvi kwa ncha ya kidole, akapiga bismillahi, ndipo akala."

"Hiyo nimeiona hapa. Nilidhani ni dawa ya tumbo."

Firoza akacheka, akafuta macho. "Si dawa. Ni heshima. Na shangazi hakumwachia mtumishi kuipitisha chumvi. Wanaume walipewa na Sheth, lakini wanawake wote wa jamaa wameionja mkononi mwake, akianza na mkubwa kuliko wote. Ukimwacha mkubwa ukaanza na mdogo, umeharibu karamu."

Mejumaa hakungoja kesho. Jikoni kulikuwa na kijaluba cha shaba ambamo chumvi ya meza iliwekwa. Alasiri ilipoadhiniwa, Sugrabai alipoanza kujifunga mtandio, Mejumaa alimwendea na kijaluba kwa mikono miwili, kama alivyowaona wao wakipeana vitu.

"Bai, wageni wamekwisha keti. Wanangoja chumvi."

Sugrabai alikitazama kijaluba. Akakifungua, akakifunga, akakipangusa kwa ncha ya mtandio. Mgongo wake, uliokuwa umepinda, ukanyooka. Akaingia chumba kikubwa walimokuwa wameketi wajane wenzake, akatazama huku na huku, akamwendea Kulsumbai.

Kulsumbai ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Akili zake zilikuwa kali na ulimi wake ulikuwa mkali zaidi, ila miguu ndiyo iliyomshinda. Alimtazama Sugrabai aliyeinama mbele yake na kijaluba wazi, akamtazama Mejumaa nyuma yake akimwomba kwa macho. Akatia ncha ya kidole, akaonja.

"Bismillahi. Mungu aijaze nyumba yako, Sugra."

"Na yako. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo," alisema Kulsumbai, aliyewazika wote.

Sugrabai alimzungukia kila mmoja. Mwisho akaonja mwenyewe, akafunga kijaluba, akaketi, akatua kama mtu aliyemaliza kazi kubwa. Mlangoni hakwenda.

Kisha, baada ya kitambo, alikitazama kijaluba mkononi mwake, akasimama, akamwendea Kulsumbai.

"Karibu. Watoto hawajambo?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Alasiri mpaka magharibi nyumba nzima ililamba chumvi. Sugrabai alizunguka, akaketi, akasahau, akazunguka. Wajane walinung'unika, wakacheka, wakazoea. "Ulimi wangu umekuwa samaki wa ng'onda," alisema Kulsumbai. "Nikifa msinioshe, nianikeni tu." Wageni walipoonekana kuwa wachache, Mejumaa alimwita Fondo.

"Mimi Mgiriama," alilalamika Fondo. "Chumvi ya Mabohora itanifanyia nini?"

"Itakufunga mdomo. Panda."

Alipanda, akaketi karibu na mlango wa chumba, kofia magotini. Sugrabai, ambaye kule chini hakuwahi kumtambua hata siku moja, alimjia pale akasimama mbele yake.

"Karibu, sheth. Mmesafiri salama?"

Fondo aliwatazama wanawake, akaona hakuna anayecheka. "Salama, bai. Tunashukuru."

Kutoka hapo akawa anabadili shati kabla ya alasiri.

Sitaki mtu adhani kwamba Sugrabai alipona. Hakupona. Miezi ile alimsahau Firoza kabisa, akawa anampokea kama mwanamke mgeni mwenye huzuni. Alisahau kutumia kijiko, akasahau njia ya chooni. Mejumaa alimwogesha kila asubuhi akimwimbia, kwa sababu bila ya kuimbiwa alidhani anazamishwa. Kila mwezi ulichukua kitu, na hakuna aliyejua namna ya kukirudisha. Ila saa ile ya jioni ilikuwa yake, na mlango ulikaa kimya.

Halafu miguu ya Kulsumbai ikavimba.

Ilianza vifundoni, ikapanda. Mejumaa alipoibonyeza ili kuikanda, kidole chake kiliacha shimo ambalo halikujaa upesi. Kulsumbai akawa halali ila ameketi, anatafuta pumzi. Daktari aliyeletwa na kamati alimpima, akauliza anakula nini, na alipoelezwa habari za alasiri alisimamisha mkono.

"Chumvi? Kila siku? Mara ngapi?"

Hakuna aliyejua mara ngapi.

"Asionje tena hata chembe. Moyo wake umechoka. Chumvi inamzamisha kwa maji yake mwenyewe."

Daktari alipoondoka, Mejumaa alikaa kando ya Kulsumbai. "Bai, umesikia. Leo akija, mkatae."

"Nimkataeje?" Kulsumbai alisema kwa pumzi fupi. "Nimeila chumvi kwake mimi ni kijana, meno yote kinywani. Hata adui hukatai chumvi yake, sembuse Sugra. Utaniua kwa aibu kabla ya maji."

"Basi jifanye. Gusa, usionje."

Walijaribu. Sugrabai alisimama mbele yake, akangoja, macho kwenye kidole. Hakuondoka. Kidole kilipokaa magotini bila ya kwenda kinywani, uso wa Sugrabai ukaanza kuvunjika, na Kulsumbai, bila ya kungoja zaidi, akalamba.

Siku ya pili Mejumaa alimhamishia Kulsumbai chumba cha nyuma, akafunga pazia. Sugrabai aliingia na kijaluba, akatafuta.

"Kulsum yuwapi?"

"Amelala, bai. Anza na hawa."

"Nianze na hawa? Mkubwa hajaonja, nianze na wadogo? Wewe umelelewa wapi?"

Akasimama katikati ya chumba, kijaluba wazi, hawezi kuanza, hawezi kuacha. Alisimama hivyo mpaka mikono ikamchoka na chumvi ikaanza kumwagika. Kisha akashuka kwenda kumtafuta Kulsumbai mlangoni, na Fondo ilibidi amzuie kwa mwili wake mzima.

Mejumaa alirudi Majengo usiku huo hakula. Akimpa mmoja haki yake, anamwua mwingine, na akimlinda huyu wa pili, yule wa kwanza anapandishwa gari la moshi. Hakuwa na mtu wa kumwuliza. Daktari angesema miguu, Haroon angesema mlango. Asubuhi alipokuwa jikoni anamtwangia Kulsumbai mchele wa uji, aliutazama unga wa mchele kwenye kinu, mweupe, laini, ukiwa umepepetwa vizuri. Akauonja. Hauna ladha yoyote. Akaona hiyo ndiyo njia.

Mimi nimefikiri sana juu ya kosa hilo, na sioni kama ningefanya jingine. Lakini mtu wa jamaa ile asingelifanya. Mwanamke wa Kibohora angeweza kumdanganya Sugrabai kwa mengi, asingethubutu kumtilia unga kwenye kijaluba cha chumvi. Mejumaa alikuwa ameiona chumvi kwa macho. Aliona inapita, inaonjwa, inatuliza. Hakuwa amezaliwa nayo.

Alimwambia Kulsumbai peke yake.

"Mejumaa," alisema Kulsumbai, "chumvi si mchezo."

"Ni ya leo tu, bai. Upate kupumua leo."

Kulsumbai akakubali, kwa kuwa usiku uliopita alikuwa ameogopa.

Alasiri, Sugrabai alipita. Kulsumbai aliutia unga kinywani akasema bismillahi, sauti haisikiki. Wa pili alionja, akageuka kumtazama wa tatu. Wa tatu akatazama chini. Fondo alilamba, akaangalia dari, akameza. Hakuna aliyesema neno, wote kwa kumpenda. Sugrabai akafika mwisho, akatia kidole chake, akaonja.

Alisimama. Akaonja tena. Kisha akakifunga kijaluba polepole, akakishika kifuani.

"Mniwie radhi," alisema. Ilikuwa sauti ya mwenye nyumba, sauti ambayo wengi wao walikuwa hawajaisikia. "Sikujua kama chumvi imekwisha nyumbani kwangu. Mmeionja hivyohivyo mkaninyamazia."

"Sugra, haikuharibika kitu," alisema Kulsumbai.

"Zakir hakuniambia kama hali yetu imefika hapa."

Akaketi. Hakuzunguka tena jioni hiyo. Alikaa mikono magotini, ametulia kabisa, na Mejumaa akadhani unga umefaa. Aliniambia kwamba hata alimshukuru Mungu. Magharibi ilipokaribia alikwenda kumtilia Kulsumbai maji ya kutawadha, na Fondo alikuwa anaingiza magunia ya makaa, mlango ameuegemeza kwa jiwe. Mejumaa aliporudi, kiti kilikuwa kitupu.

Habari zilizobaki walizipata kwa Mung'aro, hamali wa Marikiti. Wauzaji walikuwa wanafunga vibanda alipowafikia bibi mmoja mwenye mwili mdogo, safi, mtandio umefungwa vizuri, anakwenda kwa huyu na huyu.

"Niazime chumvi, mwanangu. Nina wageni nyumbani. Kesho mume wangu atairudisha."

Mung'aro alimhurumia, akamtafutia kwa muuza samaki, akamtilia kiganjani. Sugrabai akamwombea dua, akafumba ngumi, akashika njia. Lakini hakuijua njia. Alifika penye malori yanayotoka bandarini, akasimama katikati, akingoja mtu amwonyeshe. Lori la askari lilimkwepa, likapanda ukingo, likausaga mkokoteni wa mapapai. Hakuumia mtu. Watu wakajaa, polisi akaja, na mmoja aliyemjua Sugrabai akasema, mpelekeni kwa Haroon dukani.

Haroon alimleta mwenyewe, amemshika mkono. Ngumi ya Sugrabai ilikuwa bado imefumbwa. Mejumaa alipoifumbua ili kuiosha, chumvi ilikuwa imegeuka maji.

"Kesho kutwa anasafiri," alisema Haroon.

"Sheth, kosa ni langu. Nilimtilia unga. Alikwenda kutafuta chumvi."

Akamweleza yote. Haroon alisikiza, na safari hii hakutazama saa. "Mama yangu ameionja chumvi mkononi mwake," alisema mwisho. "Nami nilikuwa nimekaa mapajani mwa mama yangu. Wadhani sikumbuki? Lakini unga au chumvi, Mejumaa, mlango ni uleule. Safari ijayo lori halitakwepa."

"Basi nipe mimi. Nitakaa naye Majengo. Chumba changu kina mlango mmoja, na mimi hulala palepale."

Haroon alimtazama kama aliyetajiwa nchi ya mbali. "Mke wa Sheth Zakir alale Majengo? Jamaa watasema nini?"

"Na akilala huko bara watasema nini?"

"Kule ni hospitali," alisema Haroon. Akaiona tofauti hiyo kuwa kubwa. Mejumaa alimwendea Firoza, naye Firoza akamshika mikono yote miwili. "Nimemwomba mume wangu mpaka amenifokea. Mimi nitafanya nini, Mejumaa? Nyumba si yangu."

Motokaa ya kumpeleka stesheni ilikuja asubuhi ya siku hiyo. Firoza alikuwa amemvalisha Sugrabai nguo za hariri zilizowekwa kwenye kasha tangu alipohamia, maana hakutaka aende kama maskini. Wote walijiandaa kwa vita. Fondo alisimama tayari kumshika, Haroon alikuja na mtu mwenye nguvu kutoka dukani. Mejumaa alikuwa hajalala.

Lakini Sugrabai aliposhuka ngazi akauona mlango uko wazi, wazi kabisa, na gari likingoja nje, na watu wamesimama kwa adabu pande mbili, alisimama, akatabasamu.

"Gari imekuja," alisema. "Kwa nini hamkuniambia mapema? Wageni watakuwa wamefika."

Akatoka mwenyewe. Hakuna aliyemgusa. Alipokuwa ndani ya gari aliinama dirishani, akamwita Mejumaa.

"Ndoo nawe twende. Leo watu ni wengi, peke yangu sitaweza."

Mejumaa alimtazama Haroon. Haroon alikuwa ametazama upande wa pili wa barabara.

"Tangulia, bai," alisema Mejumaa. "Mimi nakuja na vyombo."

"Usikawie basi."

Gari likaondoka. Fondo aliusukuma mlango ukafungwa, akaketi, akawa anakohoa kwa muda mrefu.

Mejumaa aliendelea na kazi Kibokoni hata baada ya Vita kwisha. Kulsumbai aliishi miezi kadhaa zaidi, na alasiri zake alikuwa na hasira na kila mtu. Haroon alikuwa na desturi ya kupita siku za Ijumaa, na kila alipopita Mejumaa alimsubiri uani. Hakuuliza kama Sugrabai mzima. Aliuliza swali lilelile moja, na kwa muda mrefu Haroon hakulielewa, akawa anamjibu kwamba dawa zipo, kwamba chakula kipo, kwamba kitanda ni safi.

"Sheth, mimi nauliza jioni. Jioni wanampa kitu gani afanye?"

Siku moja hatimaye Haroon alikuwa na jibu. Alikuwa amepata habari kwa mtu wa jamaa aliyepita huko, akaja nayo moja kwa moja, amefurahi kwamba safari hii hatakwenda bila ya kumridhisha.

"Nimekuulizia, Mejumaa. Hapewi kazi yoyote. Anapumzika tu. Wanasema sasa ametulia kabisa, hata kitandani haondoki."

Mejumaa alimshukuru, kwa sababu aliona amejisumbua kwa ajili yake. Kisha akachukua ndoo yake, akapanda juu. Kulikuwa na mjane mpya, aliyeletwa wiki ile, naye alikuwa ameanza kutafuta viatu vyake, aende zake nyumbani.